Selimundu, mbwa mgonjwa na bima iliyokatika, vyote kwa mpigo

Dada, pole sana. Wewe ni SS, yaani una selimundu, mkataba wa kazi umekwisha, mbwa hali wala haamki, na kaka yako anakwambia umtupe kwa sababu "mgonjwa hafugi mgonjwa". Unauliza uanzie wapi. Mimi nami ni SS, nipo Morogoro, na masika moja yote hayo yalinikuta pamoja: mkataba haukuhuishwa, bima ikaenda nao, mvua haikatiki, halafu Bosi, mbwa koko anayekula hadi maganda ya ndizi, akasusa ugali.

Anza na mbwa, maana muda wake ni mfupi kuliko unavyodhani. Mfunue mdomo utazame fizi. Zikiwa nyeupe au za manjano, au puani inatoka damu, au mkojo umekuwa na rangi ya kahawa, mpeleke leo. Kwa Bosi ilikuwa homa ya kupe. Daktari wa mifugo alimtoa damu kidogo, akaipaka kwenye kioo, akaniita nichungulie hadubini. Akanieleza kwamba kupe wa kahawia huweza kuacha wadudu wa aina mbili kwa pamoja. Babesia huingia kwenye chembe nyekundu na kuzipasua. Ehrlichia hukaa kwenye chembe nyeupe na kushusha chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ndiyo maana mbwa hutoka damu puani. Akamalizia: "Damu yake imeshuka sana, na macho yana manjano." Nilicheka pale pale, daktari akanishangaa. Hayo ndiyo maneno ninayoambiwa mimi kila nikilazwa.

Babesia hupigwa sindano. Ehrlichia hutibiwa kwa doksisaiklini, dawa ileile wanayopewa watu, kwa siku 28, na kipimo kinatokana na uzito wa mbwa. Usimkadirie mwenyewe. Na usimpe tumbo likiwa tupu, atatapika yote. Mimi nilikuwa nakificha kidonge ndani ya kipande cha ini.

Hapa niseme jambo linalotuhusu sisi zaidi ya wafugaji wengine. Nyumba ya mtu wa selimundu imejaa dawa za maumivu, na ukimwona mnyama wako anatetemeka mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa vidonge. Usithubutu. Diklofenaki na ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo, na huyu ambaye chembe sahani zimeshuka anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Kama una paka pia, panadol moja tu inaweza kumuua. Haidroksiyurea, dawa yetu ya selimundu, nayo iweke juu ya kabati, siyo kando ya kitanda: inazuia uboho kutengeneza damu, na mbwa akitafuna kopo lako habari yake imekwisha.

Sasa wewe. Sitakwambia "usiwaze", hilo wanatwambia watu ambao hawajawahi kuumwa mifupa. Mawazo yenyewe yanaamsha maumivu, na ukichanganya na baridi, kukesha na kusahau maji, umejiandalia kitanda wodini. Kumuuguza mbwa kunakuletea vyote vinne. Utaamka usiku kumsikiliza anavyopumua. Utamfulia matambara kwa maji ya baridi. Utamwogesha dawa ya kupe huku mvua inanyesha na nguo zimekulowa mwilini. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotuangusha wengi, kwa hiyo mimi sikuigusa kabisa. Nilimlipa kijana wa bodaboda wa kona yetu, akavaa glavu, akamwogesha Bosi saa saba mchana, mimi nimekaa barazani na sweta na kikombe cha tangawizi, naelekeza tu. Majirani walisema naringa. Waache waseme.

Kila Bosi alipokunywa dawa, nami nilikunywa yangu, folik na haidroksiyurea, pamoja na chupa nzima ya maji. Mimi ni msahaulifu wa kwangu lakini si wa mbwa, basi nikaitumia tabia hiyo. Alamu moja ya simu, wagonjwa wawili.

Kuhusu pesa nitakuwa mkavu kidogo. Kabla hujaenda kwa daktari tenga hela ya dawa zako na nauli ya kliniki, uifunge, isiguswe hata mbwa akikutazama kwa macho gani. Kinachobaki ndicho bajeti yake. Halafu mwambie daktari wa mifugo ukweli kabisa: mimi ni mgonjwa, kazi sina, nina kiasi hiki, kipi kifanyike kwanza? Wengi ni waelewa kuliko tunavyodhani. Wangu aliacha vipimo viwili alivyoona vinaweza kusubiri, akaanza na sindano, na deni akalipokea kidogo kidogo kwa M-Pesa. Ukiwa karibu na Morogoro ipo pia hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Halafu tafuta mtu wa kushika zamu kabla hujazidiwa, maana utazidiwa. Mimi katikati ya zile siku 28 nililazwa. Nilikuwa nimeshaandika kwenye karatasi saa za dawa na chakula, nikaibandika mlangoni. Mama mwenye nyumba wangu ni Mwislamu, mbwa hamgusi kabisa, na sikutegemea kumwomba. Akaniambia mwenyewe, "Mwanangu, wewe nenda, Mungu hawezi kukasirika kwa kiumbe kupewa maji." Akawa anamimina maji kwa jagi kupitia wavu, na mjukuu wa jirani anampa ini lenye kidonge. Hakuna dozi iliyopita.

Kitu kingine ambacho hujakiuliza ila unapaswa kukijua: mbwa mwenye maumivu hung'ata hata anayemfuga. Wengi wetu tuliozaliwa na SS, bandama ziliacha kazi tangu utotoni, na kuna bakteria wa mdomoni mwa mbwa, Capnocytophaga, ambaye mtu mwenye bandama nzima kwa kawaida anamshinda, lakini kwetu sisi anaweza kuingia kwenye damu na kuua ndani ya siku chache. Akikung'ata au akilamba kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukifika usiseme tu "nimeng'atwa na mbwa", sema "nina selimundu". Utahitaji antibayotiki mapema, na hapohapo wataangalia suala la chanjo ya kichaa cha mbwa. Homa ya 38.5 au zaidi, kifua kubana au kupumua kwa shida, mwache mbwa na mtu, uende. Hapo hakuna cha kujadili.

Kaka yako nisingebishana naye. Kwetu shangazi alikuja na lake, kwamba Bosi amenikinga, ugonjwa uliokuwa unakuja kwangu ameubeba yeye, hivyo nimwache aende nao. Nilimheshimu, nikamjibu shikamoo na chai, lakini niliudhika. Bosi alikuwa ameng'atwa na kupe, basi. Na mimi niliyelelewa nikisikia watu wakimwambia mama "huyu hafiki miaka kumi, usijisumbue" siwezi kumwangalia kiumbe anayetibika nikasema namwacha. Lakini kama daktari angesema hatibiki, au bajeti ingeisha, ningemwomba amchome sindano ya kumpumzisha na nisingejilaumu. Hilo nalo liamue sasa hivi ukiwa na akili timamu, usilisubiri saa nane za usiku.

Akianza kutingisha mkia na kudai ugali, usikatishe doksi. Kwa kawaida mbwa hupata nafuu ndani ya siku mbili tatu, na hapo ndipo watu wanapoacha dawa na ugonjwa unarudi. Na wakati anaendelea kunywa, mtafute tena yule kijana apulizie dawa kwenye nyufa za ukuta na chini ya banda, kwa sababu kupe wa kahawia hutagia humo, siyo kwenye majani. Wewe siku hiyo kashinde kwa jirani.