"Majani moja" ndiyo mangapi?

Msomaji wa Moshi anaandika: "Vile vipande vidogo vya mjakaranda ni majani au vijani? Mwenzangu anakataa vijani, anasema kijani ni rangi. Nimekuwekea majani moja ndani ya bahasha uone."

Ni vijani, yaani vile vipande vingi vinavyounda jani moja. Mwenzako asibabaishwe na rangi. Rangi ndiyo iliyoazima jina kwa jani. Mzizi wenyewe ni wa kale katika lugha za Kibantu, hata Wazulu wanaita nyasi *utshani*. Hilo limekwisha.

Sasa hiyo "majani moja". Ndugu yangu, ma- umeidhani pambo? Huku Arusha na Moshi ngeli ya LI-YA inauawa mchana kweupe: "majani hii", "majani imekauka", "nipe majani moja". Mzigo wa majani ya ng'ombe nakusamehe, na majani ya chai pia, maana hakuna anayeyahesabu. Lakini anayetaka kuutambua mti sharti ahesabu, na asiye na jani atahesabu nini?

Tazama bahasha yako. Umetuma kijani kimoja, kidogo kuliko punje ya mchele, ukakiita majani. Jani lenyewe la mjakaranda hufika urefu wa kiwiko hadi ncha za vidole, nalo ni moja. Utalijuaje? Fuata kikonyo mpaka kinaposhikana na kijiti, kisha chungulia kwapani: pana jicho, lile linalochipua tawi. Chini ya kijani hakuna jicho, hata ukitafuta kwa miwani.

Kosa hili lina gharama. Mjakaranda na mkrismasi, ule mti wa maua mekundu, yote ina vijani vilivyopangana viwili viwili. Ukiviita majani, miti hiyo itakuwa mmoja machoni pako. Hesabu majani yenyewe: ya mjakaranda hukaa kijitini yakitazamana, ya mkrismasi hupishana. Ndipo ukague vijani: cha mjakaranda kimechongoka, cha mkrismasi kina ncha ya mviringo. Mpapai nao usikuzuge. Jani lake limepasuka sana lakini mipasuko haifiki katikati, kwa hiyo halina kijani hata kimoja. Na mgomba? Hapo hata mtoto wa kihambani, shamba la migomba la nyumbani, husema "jani la mgomba" bila kufundishwa, kisha akifika mjini anasahau.

Ukituma tena, tuma jani. Usilinyofoe, likate pamoja na kipande cha kijiti, maana ukinyofoa jicho hubaki mtini.