Wiki za Kwanza Granada: Usisubiri Upewe Jembe

Usiku wa sita tangu nifike Granada, mji wa kusini mwa Hispania nilikokwenda kusoma, mama mwenyeji wangu aligonga mlango wa chumba changu, akasimama kizingitini na kuniuliza, taratibu ili nimwelewe, kama kuna jambo baya ambalo yeye au mwanawe amenitendea. Nilishtuka, kwa sababu siku zote hizo nilijiona mgeni mwenye adabu kamili: nilikula nilichopewa, nilishukuru, sikuingilia mazungumzo ya wakubwa, na kila baada ya chakula niliaga na kurudi chumbani ili nisiwachoshe wenye nyumba. Nimekulia Tanga, na huko kijana wa namna hiyo husifiwa mtaa mzima. Pale Granada, kuinamisha macho mbele ya mtu mzima na kunyamaza mezani vilisomeka kama huzuni, au kama kinyongo.

Wahenga wetu waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, kazi ya kulitoa jembe waliiweka mikononi mwa mwenyeji. Wewe unayejiandaa kwenda kuishi na familia ya Kihispania, elewa kwamba jembe hilo huenda usilione kabisa. Mwanafunzi huwa amelipia chumba na chakula kupitia shule au chuo chake, hivyo mwenye nyumba huona aibu kumtuma, naye mwanafunzi huona aibu kujituma, na wote wawili wakabaki wanapishana ukumbini kwa heshima isiyozaa mazoea. Ombi langu kwako ni kwamba uliombe jembe mwenyewe, tena mapema, kabla ya wiki ya kwanza kwisha.

Mimi niliomba kazi mbili, kuandaa meza na kununua mkate. Kazi ya meza ilinifundisha Kihispania cha nyumbani ambacho darasani hakikuwahi kuguswa, yaani majina ya droo, vijiko, kitambaa cha meza na kikapu cha mkate, kwa kuwa mama alikuwa akinielekeza huku mikono yake ikiwa kwenye sufuria na hakuwa na nafasi ya kurahisisha maneno. Kazi ya mkate ilinitoa nje kila asubuhi. Tuliishi Zaidín, mtaa wa watu wa kawaida upande wa kusini wa mto Genil, na katika duka lile la mkate hakukuwa na foleni inayoonekana: anayeingia huuliza nani wa mwisho, akajibiwa, akakumbuka zamu yake. Siku ya kwanza nilisimama kimya na nikapitwa na watu wanne. Siku ya tatu nilikuwa nauliza kwa sauti, na mwuzaji alishajua mkate ninaotaka.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo kubwa kuliko yote, ni kubaki mezani. Wahispania wana neno, sobremesa, la ule muda ambao watu huendelea kukaa na kuzungumza baada ya kumaliza kula, na muda huo unaweza kuchukua saa nzima, hasa mchana wa Jumapili. Ukiinuka mara tu sahani yako inapokuwa tupu, umekula chakula na kuiacha familia. Huhitaji kusema mengi. Katika wiki ya pili nilikuwa naelewa labda nusu ya yanayosemwa, lakini nilikaa, nikauliza neno moja moja, na mwana wa nyumba alikuwa akinieleza kwa kuchora nyuma ya bahasha.

Saa za kula nazo zinahitaji kuzoewa. Chakula kikuu huliwa kati ya saa nane na saa tisa mchana, na cha usiku huanza saa tatu au hata saa nne. Mwezi Septemba jua la Granada huzama baada ya saa mbili usiku, hivyo mwili wenyewe hauamini kwamba jioni imefika. Sisi wa Kiswahili tuna mtihani wa ziada, kwa sababu nueve ni tisa, na tisa kwetu ni alasiri. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikiambiwa saa na kuihesabu mara mbili kichwani. Kilichonisaidia ni kuandika kila miadi kwa tarakimu palepale, 21:00, kisha kumwonyesha aliyenitajia ili athibitishe.

Kuhusu lugha, usivunjike moyo ukiona Kihispania ulichosoma hakifanani na unachokisikia. Watu wa Andalusia, jimbo ilimo Granada, humeza herufi ya mwisho ya maneno mengi, kiasi kwamba más o menos hufika masikioni kama “má o meno.” Kwa upande mwingine, Mswahili ana akiba ambayo wanafunzi wengine hawana. Azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni zeituni, na hasta, yenye maana ya mpaka, ni ndugu wa hata yetu, kwa sababu lugha zote mbili ziliyachota maneno haya katika Kiarabu. Mesa na bandera tulizipata kwa Wareno, tukasema meza na bendera. Nilipomtajia mama mwenyeji maneno haya jikoni, alizima jiko kwanza ndipo akaniomba nirudie.

Kwa Waislamu wenzangu nina neno mahususi. Usiseme tu kwamba huli nyama, maana kwa watu wengi kule jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, huwa haihesabiki kuwa nyama, na mchuzi wa dengu huweza kupikwa na chorizo, soseji ya nguruwe, ambayo huondolewa tu wakati wa kupakua. Hilo lilinitokea, na mama wa watu hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kaa naye kabla hajaenda sokoni, mweleze kwamba huli nguruwe, pamoja na mchuzi na mafuta yake, na umwandikie orodha: cerdo (nguruwe mwenyewe), jamón, chorizo, morcilla (soseji ya damu), tocino (nyama ya mafuta) na manteca (mafuta ya nguruwe). Yeye akaniorodheshea anavyoweza kupika bila hivyo, na orodha yake ilikuwa ndefu kuliko yangu: mbaazi nene na mchicha, dagaa wakubwa wa kuchoma, viazi na mayai. Wauzaji wa nyama ya halali wapo mjini, na msikiti mkuu wa mtaa wa Albaicín, uliofunguliwa mwaka 2003, unatazamana na Alhambra, ngome na kasri la kale la watawala Waislamu.

Ndani ya nyumba, vaa ndara, kwa kuwa kutembea peku sakafuni huwatia hofu ya ugonjwa; oga upesi, hasa kama maji yanapashwa kwa mtungi wa gesi; zima taa unapotoka.

Mwisho ni makaratasi. Kama utakaa zaidi ya miezi sita, una mwezi mmoja tangu kuingia nchini kuomba kitambulisho cha mgeni, TIE, na miadi ya alama za vidole polisi huwa haipatikani kwa urahisi, basi anza kuitafuta wiki ya kwanza. Mara nyingi utaombwa cheti cha makazi cha halmashauri ya mji, na ili kukipata, mwenye nyumba lazima akubali kwa saini yake kwamba unaishi kwake. Wapo wanaositasita kutia saini hiyo kwa mtu wasiyemjua. Wangu alitia saini mezani, baada ya chakula cha mchana, kisha akachukua mkoba wake tukaondoka pamoja kwenda kuipeleka.