Mfamasia msimamizi, wakili wa bosi si wakili wako

Mkuu, nimekusoma: wewe ni mfamasia msimamizi, ukaguzi umekuta dawa zenye alama ya MSD (Bohari ya Dawa, yaani dawa za serikali) kwenye rafu, umeitwa polisi kutoa maelezo, na bosi kasema usihangaike, wakili wake atawasimamia wote wawili. Wadau hapo juu wanakwambia ushukuru Mungu. Mimi nakwambia tafuta wa kwako, hata kwa kukopa.

Yalinikuta haya nikisimamia famasi moja hapa Dar. Mzigo kanunua bosi, umeingia mimi sipo, risiti hakuna. Wakili wake alikuwa mpole na mwenye heshima zake, ila swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Funguo za stoo unashika wewe, sivyo?" Upepo nikaujua hapohapo. Bosi atasema yeye ni mfanyabiashara, dawa hazijui, ndiyo maana kaajiri mtaalamu. Wewe utasema manunuzi hayakupita kwako. Hayo hayawezi kusemwa na mdomo mmoja, na hata maadili ya mawakili hayaruhusu kutetea watu wawili wenye maslahi yanayogongana.

Wakili wangu alianza na karatasi ya ukamataji. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka anayechukua kitu kwenye upekuzi atoe stakabadhi, isainiwe na mwenye eneo au anayelishikilia, na mashahidi kama wapo. Yangu ilikuwa imeandikwa "boksi za dawa mchanganyiko", basi. Kabla ya kusaini niliomba namba za toleo (batch number) za kila dawa ziongezwe, mkaguzi akanung'unika lakini akaandika. Tulipolinganisha na daftari la manunuzi, hakuna hata toleo moja lililokuwa kwenye oda zenye sahihi yangu. Kwa hiyo kama nakala yako hujaichukua, ianze hiyo, mengine baadaye.

Maelezo ya onyo, yale unayoandikisha polisi ukishaonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yako, usiyachukulie kama mazungumzo ya kijiweni. Kwetu Tanzania ungamo la hiari mbele ya polisi linapokelewa mahakamani. Una haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki kabla hujahojiwa. Ukiamua kuongea, eleza ulichofanya wewe. Cha bosi mwachie bosi akieleze.

Sasa kitu ambacho wengi wanakisahau. Polisi wanaweza kufunga jalada na Baraza la Famasi, lile linalotusajili wafamasia, likaendelea na wewe. Hilo ni shauri la nidhamu chini ya Sheria ya Famasi ya 2011, na huko unaweza kupewa onyo, kusimamishwa, au kufutwa kwenye rejista. Mtu akikosa kazi atapata nyingine, akikosa usajili ataenda wapi? Muulize wakili wako mapema kama amewahi kusimama mbele ya baraza la taaluma, la famasi, la madaktari au la wauguzi, kwa sababu wapo mafundi wa jinai ambao huko hawajawahi kufika. Omba malalamiko kwa maandishi, jibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa. Haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa ipo kwenye Katiba, ibara ya 13(6)(a).

Kama ulikuwa "umeweka cheti" tu ukutani na dukani huonekani (siwatetei wenye tabia hiyo, wametuharibia sana soko), mwambie wakili ukweli wote. Mnayoongea yanalindwa kisheria, na ni afadhali ayasikie kwako kuliko kwa mkaguzi.

Ada mkubaliane kwa maandishi: ni ya polisi tu, au na mahakama na Baraza? Hakikisha pia leseni yake ya uwakili ni ya mwaka huu, maana vishoka nje ya vituo ni wengi.

Na ukiamua kuacha usimamizi, usimuage bosi kwa simu ukadhani yamekwisha. Andika barua, nyingine ipeleke Baraza mwenyewe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.