Kabla ya Kushusha Picha Kubwa, Andaa Stoo

Ukumbi wetu wa maonyesho hapa Mbeya ulipofungwa ili mafundi wabadilishe bati na kupiga lipu upya, kazi ya kuhamisha picha kubwa za kuchorwa nilikabidhiwa mimi. Wengi walihofia safari ya kirikuu. Mimi nilihofia stoo, maana njiani picha inakaa muda mfupi, stoo inakaa miezi.

Chagua chumba cha ndani, mbali na choo na mabomba, na ukikague mvua ikiwa inanyesha. Picha zisiegemee ukuta wa nje. Zipandishe juu ya mbao, walau sentimita 10 kutoka sakafuni, kwa sababu maji na mchwa huanzia chini.

Kwenye kufunga ndiko kazi za watu zinakoharibika. Nailoni isiguse rangi kabisa! Picha nyingi za mtindo wa Tingatinga huchorwa kwa rangi ya mafuta, ile ya kung'aa, nayo hunata. Akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, hulainika kwenye joto, na nailoni ya mapovu huichapa viduara usoni. Tanguliza shuka la pamba lililofuliwa bila wanga. La mtumba kutoka soko la Mwanjelwa linafaa sana. Rangi ikiwa imeanza kubanduka, hata shuka lisiiguse: vika pembe za maboksi kwenye kona, kisha tandaza kitambaa juu yake. Usizibe kila upenyo kwa solotepu. Kwa baridi yetu ya Juni na Julai, usiku ukipoa baada ya jua la mchana, unyevu hugeuka matone ndani ya nailoni na kuvu huanza.

Kubeba ni watu wawili, mkono mmoja chini, mwingine ubavuni, vidole visiingie kati ya kanvasi na mbao zake. Kwenye gari picha isimame wima, ikifuata urefu wa gari.

Mlango ukiwa mdogo, watakushauri uikunje kama mkeka. Kataa, hasa kama rangi ni nene, kwani itapasuka. Afadhali mafundi wang'oe fremu ya mlango.

Ipige kila picha kwa kamera, mbele na nyuma, kabla ya kuifunga. Msanii ana haki ya kujua ilitoka ikiwaje.

Usiharakishe kurudisha. Lipu mpya hutoa maji kwa wiki kadhaa. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote kwa solotepu, ukiache siku nzima. Ukikuta matone nyuma yake, picha zibaki stoo.