Je, uoksidishaji ni adui wa seli nzima?

SWALI: Ndugu Mhariri, kopo moja la vidonge nililoliona dukani limeandikwa kwamba vidonge hivyo huondoa uoksidishaji katika seli zote za mwili. Rafiki yangu muuguzi anasema zipo sehemu za seli zinazouhitaji. Nimsadiki nani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Msadiki muuguzi. Kuoksidishwa ni kunyang'anywa elektroni, na hali hiyo haiwi moja katika seli nzima, kwa kuwa seli imegawanywa kwa tando katika vyumba, na kila chumba kina kawaida yake. Mwaka 1992 watafiti nchini Marekani walipima glutathioni, molekuli ndogo inayotunza akiba ya elektroni. Katika sitosoli, yaani majimaji yanayozunguka kiini, walikuta molekuli 30 hadi 100 zenye akiba hiyo kwa kila moja iliyooksidishwa. Katika retikulamu ya endoplazima, ambamo hukunjwa protini zinazopelekwa nje ya seli, walikuta 1 hadi 3 tu.

Chukua mfano wa insulini. Umbo lake hushikiliwa na madaraja matatu ya salfa, na daraja la namna hiyo hufungika pale salfa mbili zinaponyang'anywa elektroni. Waliowahi kutia kalikiti wameliona jambo hili kichwani mwao: dawa ya kwanza huvunja madaraja ya salfa ya nywele, nywele zikaviringwa kwenye rola, kisha dawa ya pili, inayooksidisha, huyafunga upya. Sitosoli hufanya kazi ya dawa ya kwanza, na retikulamu hufanya kazi ya dawa ya pili. Ndiyo maana seli za kongosho hukunjia insulini humo.

Kazi hiyo ina gharama, kwani kimeng'enya kinachopokea elektroni hizo huzikabidhi kwa oksijeni, na kila daraja huacha molekuli moja ya haidrojeni peroksaidi, kemikali ambayo nayo huoksidisha. La kushangaza ni kwamba seli hizo za kongosho zina kiasi kidogo sana cha katalasi, kimeng'enya cha kuivunja.

Hata hivyo, haidrojeni peroksaidi si taka tu. Insulini inapofika kwenye seli ya mafuta, seli hiyo hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo karibu na utando wake wa nje, nayo huzima kwa muda kimeng'enya ambacho kingeukatiza ujumbe wa insulini. Haisafiri mbali, kwa sababu sitosoli imejaa protini zinazoinasa mara moja, na kwa hiyo ujumbe hubaki pale ulipokusudiwa.

Kuhusu kopo lako, kuna utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009, ambamo vijana wa kiume walifanya mazoezi kwa wiki nne, baadhi yao wakimeza kila siku miligramu 1,000 za vitamini C pamoja na vitamini E, ambazo huzuia uoksidishaji. Mwitikio wa miili yao kwa insulini uliimarika kwa wale tu ambao hawakumeza vidonge.