Reflekta mchana wa jua, ya nini?

SWALI: Kaka, naendesha boda hapa Mombasa, abiria wanakataa reflekta ati inanuka jasho, na mimi mchana naskia joto tu. Kwani lazima?

JIBU: Ndugu yangu vaa, tena na abiria avae, sheria ya Kenya inataka nyote wawili na helmeti juu, na ukifikiria yeye ndo anakuziba mgongo, gari la nyuma linamuona yeye sio wewe. Jasho ni kufua tu. Ile rangi kali ya njano inasaidia mchana, usiku ni mistari ya fedha ndo inarudisha mwanga wa taa kwa dereva, sasa ikichubuka ikabaki kijivu hapo umevaa kitambaa tu, nunua ingine. Huko Auckland, New Zealand, utafiti uliotoka 2004 ulikuta waendesha pikipiki wenye nguo za kung'aa hatari yao ya kuumia ajalini ilikuwa chini kwa 37%. Na begi usilivae juu ya reflekta, tafadhali.