Maneno ya mkataba wa halmashauri: majibu kwa wasomaji watatu

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama tisa tunaozoa taka katika mitaa minne ya mji wetu kwa mkataba na halmashauri. Mkataba unasema tutalipwa shilingi 60,000 kwa kila tripu "iliyofanyika na kuthibitishwa na Msimamizi wa Mkataba". Mwezi uliopita tulipeleka dampo tripu 26, lakini benki imeingia shilingi 1,083,000 tu. Je, tumedhulumiwa?

JIBU: Dada Katibu, tripu 26 zingewapa shilingi 1,560,000, kwa hiyo pungufu lenu ni shilingi 477,000, nalo limetokana na mambo mawili yasiyohusiana. La kwanza ni neno "kuthibitishwa". Katika nakala za hati za tripu ulizotutumia, 19 zina saini ya afisa afya anayesimamia mkataba wenu, ilhali 7 zina muhuri wa mwenyekiti wa mtaa peke yake, bila shaka kwa sababu siku hizo afisa afya hakuonekana na mwenyekiti akaona awasaidie. Wema wake, kwa bahati mbaya, hauna nguvu katika mkataba. Msimamizi wa Mkataba ni mtumishi aliyeteuliwa na Afisa Masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za taasisi, ambaye kwa halmashauri ni Mkurugenzi, na mwenyekiti wa mtaa au diwani hawezi kuthibitisha kazi kwa niaba yake hata kama aliiona ikifanyika kwa macho yake mwenyewe. Tripu 7 zisizothibitishwa ni shilingi 420,000.

Hiyo haina maana kwamba fedha hizo zimepotea. Kazi ilifanyika, na kilichokosekana ni ushahidi katika sura ambayo mkataba unaitaka. Mwandikieni Mkurugenzi barua, nakala kwa Msimamizi wa Mkataba, mkiambatisha hati hizo 7, na mwombe zilinganishwe na daftari la getini dampo, ambako mlinzi huandika namba ya gari na saa ya kuingia. Barua iende kabla ya ankara ya mwezi huu, na ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala mtakayobaki nayo. Nimeona vikundi vingi vikifuatilia madai ya namna hii kwa simu na kwa kukaa kwenye benchi la masjala, kisha baada ya miezi mitatu havina hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba viliwahi kudai.

Shilingi 57,000 zilizobaki ni kodi ya zuio, yaani 5% ya malipo ya huduma (hapa shilingi 1,140,000 za tripu 19), ambayo halmashauri inatakiwa kisheria kuikata na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania. Si faini. Daini cheti cha kodi ya zuio kila mnapokatwa, kwa kuwa kiasi hicho huhesabiwa kuwa sehemu ya kodi ya mapato mliyokwisha kulipa. Bila cheti hamtakuwa na cha kuonyesha wakati wa kukadiriwa.

Jambo moja zaidi, ingawa hukuliuliza. Mkataba wenu una Masharti ya Jumla, kurasa nyingi za maandishi madogo yanayofanana kwa kila mzabuni, na Masharti Mahususi, ambayo kwa kawaida ni kurasa chache tu. Yanapogongana, Mahususi ndiyo yanayotawala. Humo ndimo mtakapokuta Msimamizi wenu ni nani, malipo yatoke ndani ya siku ngapi baada ya ankara, na mgogoro unaanzia wapi. Kama muda wenu ni mdogo, anzeni na kurasa hizo.

SWALI: Tulichelewa kumaliza kusafisha mifereji kwa siku kumi kwa sababu ya mvua za masika. Halmashauri imetukata "fidia ya ucheleweshaji", nasi tunasema mvua ni "janga lisilozuilika". Nani ana haki?

JIBU: Kwa maelezo uliyotoa, ndugu yangu, halmashauri iko mahali pazuri zaidi. Janga lisilozuilika ni tukio ambalo upande wa mkataba haukuweza kulitarajia wala kulizuia, na masika ya Machi hadi Mei yanajulikana na kila anayeishi katika mikoa inayoyapata. Anayesaini kazi ya mifereji mwezi wa Februari anahesabiwa kuwa aliyafikiria. Mafuriko yaliyokata barabara ya kuingilia eneo la kazi yangekuwa hoja nyingine, mradi mlitoa taarifa kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa na mkataba.

Hata hivyo, kiasi cha makato kinaweza kuhojiwa. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura 345, kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa katika mkataba. Kwa hiyo kiwango kilichoandikwa kwa kila siku ya kuchelewa ni kikomo, na mahakama inaweza kutoa pungufu yake. Kagueni kwanza kama siku kumi zimehesabiwa sawasawa, maana siku ambazo halmashauri yenyewe ilichelewa kuwakabidhi eneo la kazi hazipaswi kuwa mzigo wenu.

SWALI: Nimepokea notisi ya kusudio la kutoa tuzo kwa zabuni ya usafi wa soko. Je, nichukue mkopo ninunue vifaa sasa?

JIBU: Usichukue. Notisi hiyo, inayotaja mzabuni ambaye halmashauri inakusudia kumpa kazi, hupelekwa kwa wazabuni wote walioshiriki, na kazi yake ni kuwapa nafasi wasioridhika walalamike kwa Afisa Masuuli, na wasiporidhika na uamuzi wake wakate rufaa katika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Matokeo yanaweza kubadilika katika kipindi hicho. Subiri kwanza barua ya tuzo, kisha mkataba uliosainiwa na pande zote mbili. Kwa sasa unachoweza kufanya bila hasara ni kuomba bei za vifaa kwa maduka mawili au matatu, na kuuliza benki yako ingechukua siku ngapi kutoa dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki kuilipa halmashauri usipotimiza mkataba, kwa sababu ukishapewa tuzo muda wa kuiwasilisha huwa mfupi.